Maji Yasiyogeuka Zambarau

Bibi Kijakazi alilala mahabusu usiku kucha na hakuomba kitu isipokuwa maji ya kutawadhia. Asubuhi Inspekta Chiku alipomtoa na kumketisha kwenye chumba cha mahojiano, bibi alijifunga mtandio wake upya, akalaza mikono mapajani, akangoja aulizwe. Alikuwa mwembamba, umri umekwenda, vidole vimepinda kwa kushika mchi maisha yake yote. Kibaraza chake cha dawa za mizizi, nyuma ya soko la Kariakoo, kilijulikana na karibu kila familia ya mjini yenye binti wa kuzaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Chiku alijibu kwamba ameamka salama, akavuta kiti. Jalada alilokuwa nalo mkononi lilikuwa jembamba kuliko uzito wa kosa lenyewe. Mwanamke kijana aitwaye Shamsa, mkazi wa Mchafukoge, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume hospitalini, akaruhusiwa, akarudi nyumbani na furaha zake. Mama mkwe wake, Sitara, akamchemshia dawa ya mzazi kama ilivyo desturi. Dawa hiyo ilinywewa asubuhi. Mchana kutwa Shamsa alikuwa mzima, akinyonyesha na kupokea wageni. Usiku akaanza kutapika na kuharisha bila kukoma, na waliporudi naye hospitali, figo zilikuwa zimekwisha kushindwa kazi. Akafa, mtoto akabaki.

Sitara aliwaambia polisi kwamba mizizi ile aliuziwa na Bibi Kijakazi kwa jina la nyotamaji. Maabara ikajibu kuwa vipande vilivyokutwa jikoni havikuwa nyotamaji hata kidogo. Vilikuwa viazi vya mkalamu, ule mmea wa vichakani unaotambaa, wenye ua jekundu lenye kingo za njano, ambao kiazi chake ni sumu. Afande Abdulmalik, mkuu wa upelelezi, aliona hapo kesi imekwisha. Alimtaka Chiku amalize maelezo ili bibi afikishwe mahakamani kabla muda wa kumshikilia haujapita.

Chiku hakuona kama imekwisha. Alikuwa amesimamia mwenyewe upekuzi wa kibaraza cha bibi, na kulikuwa na jambo moja lililomkera tangu hapo. Akatoa mfuko wa kielelezo, akauweka mezani. Ndani yake mlikuwa na vipande vikavu, vyeupe, vya duara, unene wake ule ule kimoja hadi kingine kama sarafu.

"Bibi, wewe dawa zako unazikataje?"

"Sikati. Natwanga."

Ndivyo upekuzi ulivyoonyesha. Kinu, michi miwili, ungo, na makopo ya unga. Hapakuwa na mashine wala hata kisu cha maana. Na katika makopo yale, moja lilikuwa tupu, limeoshwa na kugeuzwa juu chini. Chiku alimwuliza lile lilikuwa la nini.

"La nyotamaji. Tangu masika yaliyopita sijaipata. Nimemwambia hivyo kila aliyekuja, na Sitara nilimwambia. Nikamwambia, mkweo akiumwa tumbo, mrudishe hospitali."

"Hukumuuzia kitu?"

"Nilimpa mkono wa hongera tu, akaenda zake."

Chiku akatazama karatasi ya maelezo ya jana. Maneno hayo hayakuwamo. Bibi alisema aliyasema yote, ila aliyekuwa akiandika alimkatiza, akamtaka ajibu ndiyo au hapana. Hakulalamika. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia.

Kisha yeye ndiye akauliza. Alitaka kujua yale maji aliyokunywa marehemu yalikuwa na rangi gani. Chiku aliikumbuka chupa ya chai iliyochukuliwa kama kielelezo, na mabaki yaliyomiminwa maabara mbele yake. Akasema yalikuwa kama chai ya rangi iliyozimuliwa.

Bibi Kijakazi akatikisa kichwa taratibu. Alieleza kwamba nyotamaji ikichemka, maji hugeuka zambarau, na ndiyo maana zamani wasukaji wa mikeka walitia ukili rangi kwa mizizi hiyo hiyo. Hakuna mwanamke mtu mzima wa pwani aliyewahi kuzaa kwa mama yake asiyelijua hilo. Chiku akayaandika yote, akamsomea, akampa atie dole gumba. Kisha akamwita Sajini Beno alete gari.

*

Watu wa maabara walikuwa wamempa jina la mtaalamu wa mimea wa chuo kikuu, Krina, aliyekuwa akiifuatilia nyotamaji kwa miaka kadhaa. Alipopigiwa simu alisema yuko kazini Jangwani, na kama wanataka kuiona nyotamaji ilipo, au ilipokuwa, waje huko huko.

Walimkuta ukingoni mwa bonde la Msimbazi, amevaa buti za mpira na kofia pana. Alikuwa msichana wa Kihindi wa mjini, aliyezaliwa na kukulia Mchafukoge, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kabisa. Nyuma yake matete yalikuwa yamesimama kwa mafungu, na mbele yake palikuwa na kifusi: matofali, vigae vya choo, nondo zilizopinda, udongo mwekundu uliotoka kwingine. Malori yalikuwa yakimwaga pale alfajiri, alisema, na hakuna aliyewahi kujua ni ya nani.

Aliwaonyesha kwa mkono. Nyotamaji haikai ndani ya maji, alisema, wala haikai pakavu. Inataka mahali ambapo maji huja na kuondoka yenyewe, yakaacha tope laini. Yakisimama siku zote, inaoza. Yasipokuja, inalala chini ya udongo ikingoja, na inaweza kungoja muda mrefu, lakini si chini ya kifusi. Mvua za kwanza zikigusa tope, hutoa ua jeupe la petali sita, koo lake la zambarau, nalo hudumu kwa muda mfupi sana. Wanawake walilikausha wakalitia kwenye vikuba, vile vifungu vya maua ya kunukia, na kati ya nguo za bibi harusi. Mzizi ulikuwa wa wazazi na wa wasuka mikeka. Zamani ilikuwapo kila bonde la mji huu. Mabonde yakajengwa, yakalimwa michicha, yakamwagiwa taka, na kila mwaka wachumaji wakaongeza kuchimba kwa sababu bei ilipanda kadiri ilivyoadimika.

"Na inatibu kweli?" akauliza Beno.

Krina akasema hawezi kuapa. Wazee wameitumia miaka mingi na hajapata kusikia mtu iliyemdhuru, lakini haikuwahi kupimwa vya kutosha, na sasa hata ya kupimia haipo. Hapa palikuwa pa mwisho mjini. Ameyazunguka mabonde yote kwa miguu.

Chiku akalichukua neno hilo.

"Kwa hiyo mtu akiuza nyotamaji Dar leo..."

"Anauza kitu kingine."

Chiku akautoa mfuko wa kielelezo, akamwuliza kama amewahi kuona mizizi iliyokatwa namna ile. Krina akaupokea. Akavua miwani ya jua, akaugeuza mfuko juani, akavitazama vile vipande. Kila kimoja kilikuwa na mfereji mwembamba pembeni, kama ulioachwa na meno ya kisu yaliyopinda mahali pamoja. Lori likapita barabarani na kelele zake, likaishia mbali, naye bado alikuwa akiugeuza mfuko. Mwisho akasema ni mkalamu, akarudisha mfuko, akainama kufunga kamba za begi lake.

Chiku alikuwa amehoji watu wa kutosha kujua tofauti ya anayefikiri na anayejizuia. Hakumsukuma. Alimwuliza tu amewaambia akina nani kwamba nyotamaji imekwisha. Krina akajibu, bila kuinua uso, kwamba alimwambia Bibi Kijakazi, akawaambia wa chuoni, na akawaambia wa nyumbani kwao.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa ghorofa ya pili, jengo la zamani la Mchafukoge lenye roshani za chuma. Viatu vya wanawake vilijaa ngazini. Chiku akavua vyake, akapenya, akatoa pole, akaketi kidogo kama mtu mwingine yeyote kabla ya kumwomba Sitara waende jikoni.

Sitara alikuwa mwanamke mnene, mzuri wa sura, macho yamevimba. Mtoto alikuwa begani kwake. Tangu juzi hakumwachia mtu, ingawa mtoto alilia na chupa aliikataa. Chiku alimwuliza maswali madogo kwanza: alichemsha kwa muda gani, sufuria ipi, maji kiasi gani. Sitara akajibu yote. Alisema vipande alivipata vimekatwa hivyo hivyo, akavitia majini, akafunika.

"Mama, maji yaligeuka rangi gani?"

Sitara akamhamishia mtoto bega la pili.

"Wewe uliinywa nyotamaji ulipojifungua. Uliijua rangi yake."

Mtoto akalia, akambembeleza. Alipozungumza sauti ilikuwa chini mno hata Chiku akalazimika kusogea.

"Nilidhani imekauka sana. Nilidhani rangi imekufa, dawa imebaki."

"Na Bibi Kijakazi alikwambia nini?"

Sitara akaegemea sinki. Ukweli ukatoka wote kwa mkupuo. Bibi alimwambia haipo. Alimwambia asiitafute. Lakini yeye hakutaka mkwewe, mwana wa watu, aseme kwamba kwa mama mkwe hakutunzwa kama wazazi wengine, basi akaenda dukani, akaipata, akarudi nayo akifurahi. Shamsa alipokufa, mwanawe alimwuliza mbele ya watu: hiyo dawa ulipewa na nani? Na yeye akaona wazi swali litakalofuata, kwamba kama uliambiwa haipo, kwa nini ulikwenda kuitafuta. Jina la bibi likamtoka mdomoni kabla hajajua amelisema.

"Duka gani?"

"La Chandu. Mtaa wa nyuma."

Chiku alimweleza kwamba lazima aje kituoni kurekebisha maelezo, na kwamba polisi hawatamwambia mwanawe. Hilo ni lake kulisema, na ni vizuri aliseme mapema kabla mwanawe hajalisikia mahakamani. Sitara akaitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameegemea sinki Chiku alipotoka.

Kwenye ngazi, akivaa viatu, ndipo Inspekta alipomaliza hesabu yake. Krina alizaliwa Mchafukoge. Alisema aliwaambia wa nyumbani kwao. Na ule mfereji pembeni mwa kila kipande aliutambua, kwa sababu kisu kibovu kile alikuwa amekua akikiona. Akampigia simu.

"Dada Krina, baba yako anaitwa Chandu?"

Krina akasema ndiye, na kwamba yuko njiani kwenda dukani kwake.

*

Duka lilikuwa jembamba na refu, lenye droo za mbao hadi darini. Lilinuka mdalasini, uvumba na vumbi. Kauntani palikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, mpole, aliyewaamkia kwa heshima. Alikuwa Sadalla, aliyefanya kazi na Chandu tangu wote wawili wakiwa vijana, na tangu Chandu augue moyo ndiye aliyeliendesha duka peke yake. Chiku akamwonyesha hati ya upekuzi. Beno akaanza na droo.

Droo ya nyotamaji ilikuwa tupu na safi. Sadalla alisema waliacha kuiuza kitambo, Krina alipowaambia imekwisha. Aliyasema bila kubabaika. Chiku aliuliza mashine ya kukatia iko wapi, akaambiwa iko juu, kwa mwenye duka. Kwa dakika chache mambo yote yakaonekana kumwelekea mgonjwa wa ghorofani.

Chandu alishuka mwenyewe kabla hawajampandia, akishikilia ukuta. Alikuwa amesikia sauti. Krina alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko, buti zake bado zina tope. Chiku alipomwuliza habari za mashine, Chandu alieleza kwamba ilikuwa ya tangawizi, nayo ilikaa dukani siku zote hadi juzi, Sadalla alipoipandisha juu akisema imeharibika. Yeye mwenyewe hajashuka ngazi hizi tangu alipotoka kulazwa. Kisha akasema jambo ambalo halikuulizwa.

"Jina lililo juu ya mlango ni langu. Kama kuna kitu kimetoka humu, niandikeni mimi."

Chiku hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Sadalla, ambaye alikuwa amevua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili.

Mashine huharibika ikapelekwa kwa fundi, alisema Chiku. Haipandishwi ghorofani kwa mgonjwa siku ile ile mtaa mzima ulipojua Shamsa amekufa. Alilisema kwa utulivu, akangoja.

"Mwacheni Bhai Chandu arudi kitandani," akasema Sadalla. "Hajui kitu. Ni mimi."

Beno alimkatiza ili amwonye kisheria, na Sadalla alisikiliza onyo lote hadi mwisho, kisha akaendelea. Gunia lilikuwa nyuma, chini ya magunia ya chumvi ya mawe. Aliletewa na mtu aliyesema anatoka Mkuranga, kwamba huko nyotamaji bado ipo. Alivunja kiazi kimoja akakinusa. Nyotamaji hunuka kama tope lililonyeshewa mvua, hata ikikauka. Kile hakikunuka chochote.

"Nilikwambia, mjomba," akasema Krina. "Nilikaa hapo kwenye hicho kigoda, nikakwambia hakuna tena."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Sadalla akafikiri kama mtu anayetaka kujibu kwa haki. Alisema kila siku mwanamke alisimama pale kwenye kaunta kuiulizia, wengine binti zao wakiwa wodini, na yeye kila siku akasema haipo. Duka hili halikuwahi kukosa kitu. Mtu yule alipofungua gunia, akataka sana liwe kweli. Akajiambia harufu imepotea njiani. Akakata kwa mashine ili watu wasione umbo la kiazi. Alijua mwenyewe alichokuwa amekisema.

Chiku naye alikijua. Mtu asiye na shaka hafichi umbo. Lakini hilo lilikuwa la mahakama, na kulikuwa na jambo la haraka zaidi.

"Baada ya Sitara, nani mwingine amenunua?"

"Mmoja tu."

"Lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya habari za msiba. Anaitwa Fatuma, anauza chakula kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Binti yake alikuwa hajajifungua."

Sadalla alikuwa amelala na jambo hilo, akaamka nalo, akafungua duka, akauza binzari, huku Bibi Kijakazi akiwa mahabusu na mwanamke mwingine akiwa na ule mfuko jikoni kwake. Alisema alikuwa akiomba dua binti yule achelewe kujifungua. Krina aliachia kiwiko cha baba yake, akatoka nje, akasimama kando ya barabara akiupa mlango mgongo.

*

Magari yalikuwa yamekwama, na malori ya bandarini yameziba njia. Chiku alikuwa amemwachia askari aliyeitwa kutoka kituoni duka na mtuhumiwa; akashuka garini na Beno, wakaenda kwa miguu, wakavuka barabara ya mwendokasi, wakaingia Gerezani kati ya karakana na maduka ya vipuri. Walimwulizia Fatuma kwa fundi wa kwanza. Fundi akasema leo hakupika. Binti yake amejifungua jana, mtoto wa kike. Akawaonyesha mlango.

Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Nje, chini ya bati, jiko la mkaa lilikuwa limezimika, na juu yake sufuria iliyofunikwa. Fatuma alitoka akijifuta mikono, mwanamke mchangamfu aliyezoea kupokea wateja, akawakaribisha kabla hajaziona sare za Beno. Chiku alifunua sufuria. Maji yalikuwa ya rangi ya chai nyepesi, na vile vipande vyeupe vimetulia chini.

"Binti amekunywa?"

"Bado, amelala. Kakesha na mtoto, nimeona nisimwamshe."

Beno akashusha pumzi. Chiku hakushusha ya kwake, kwa kuwa kando ya jiko palikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe palikuwa na tone.

"Na wewe?"

"Mimi nimeonja. Rangi haikuniridhisha. Nisingempa mwanangu kitu nisichokijaribu."

"Umeonja au umekunywa?"

"Kikombe. Asubuhi. Lakini niko mzima, unaniona."

Chiku alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi lake mwenyewe la wateja, akakaa naye. Akamwambia habari za Shamsa bila kupunguza neno. Fatuma alizisikiliza. Alisema yeye haumwi hata kichwa. Alisema nani atabaki na mzazi, nani atamkanda, nani ataosha nguo za mtoto. Chiku akamwambia Shamsa naye alikuwa mzima mchana kutwa, akipokea wageni.

Fatuma akatazama pazia. Nyuma yake mtoto alikuwa akitoa sauti ndogo ndogo za usingizini.

"Mngechelewa kidogo ningemwamsha," akasema.

Kisha akasimama na kutaka kuyamwaga yale maji mtaroni, na Chiku akamzuia, kwa sababu sufuria ile ilikuwa kielelezo. Aliifunga mbele yake, akaandika, akampa asaini. Jirani akaitwa kukaa na mzazi. Fatuma akaingia ndani, akambusu binti yake bila kumwamsha, akatoka na kanga mkononi. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye bajaji, akaingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na manesi wawili walidhani mgonjwa ni Chiku.

Jioni ile sumu ilianza kazi. Chiku alikaa kwenye korido akawasikia wakikimbizana. Lakini safari hii madaktari walijua ni sumu gani na walikuwa wamemsafisha tumbo na kumwekea maji kabla haijamshika. Aliugua vibaya, nywele zake zote zilipukutika, na ilichukua muda mrefu kabla hajashika tena mwiko. Hakufa.

*

Sadalla alifunguliwa mashitaka. Mtu wa Mkuranga alikuwa bado hajapatikana, na gunia lake lilikuwa stoo ya vielelezo, limefungwa lakiri. Chandu alifunga duka mwenyewe na kubandika karatasi mlangoni, akiwaomba wote waliowahi kununua dawa ya mzazi hapo wairudishe. Afande Abdulmalik alisoma maelezo mapya ya Sitara mara mbili, akasaini amri ya kumwachia bibi, akaiweka mezani bila kusema kitu.

Chiku alimfungulia Bibi Kijakazi mlango mwenyewe, akamwomba radhi. Bibi akasema amesikia. Gari lilikuwa tayari limpeleke Kariakoo, lakini alipoketi alimwambia Beno aende Mchafukoge.

"Bibi, huko si lazima uende leo," akasema Chiku.

"Shamsa nilimfukiza udi mwenyewe siku ya harusi yake. Matanga yake yamenipita nikiwa mahabusu. Nipelekeni."

Alipoingia, kisomo kilikatika. Habari zilikuwa zimeshafika, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mwana wa Sitara alikuwa amesimama mlangoni pa roshani. Tangu jana usiku, mama yake alipomweleza, hakuwa amesema naye. Sitara alikuwa ukutani, mtoto mapajani akilia kilio kile kikavu cha mtoto aliyechoka, chupa imelala kando yake.

Bibi Kijakazi alivuka mkeka, akaketi ubavuni pake, akatoa pole kama inavyotolewa. Sitara akainamisha kichwa.

"Mtoto amekula?" akauliza bibi.

"Hataki chupa."

"Nipe."

Sitara alisita, kisha akamwachia. Bibi akamlaza mtoto kwenye mkono wake uliopinda, akaomba bakuli na kijiko kidogo, akamimina maziwa kidogo, akamgusisha mdomoni, akangoja. Akamgusisha tena. Mtoto akakunja uso, akalamba, akameza. Wanawake wote wakawa wanatazama kijiko kile.

Sitara akaweka paji la uso begani kwa yule bibi na kulia kwa sauti. Bibi hakumsukuma wala hakumkumbatia. Mikono yake ilikuwa na kazi. Mwana wa Sitara akatoka roshani, akapiga magoti mbele yao, akalishika bakuli la maziwa.

Chiku akashuka ngazi. Nyuma yake kisomo kikaanza tena, kwa sauti ya chini.